Epperson: Mvulana aliyesahau kikombe barazani na kuipa dunia barafu ya kijiti

FRANK William Epperson alikuwa mvulana wa umri wa miaka 11 alipokisahau kikombe cha kinywaji chake barazani usiku mmoja wa baridi kali. Kulipopambazuka, kinywaji hicho kilikuwa kimeganda na kuwa pande la barafu, na katikati yake kilikuwa kimesimama wima kijiti alichokitumia kukoroga jioni iliyotangulia. Mtoto huyo alikishika kijiti, akalichomoa lile pande la barafu kikombeni na kuanza kuliramba.

Kisa hicho kilitokea mwaka 1905 katika eneo la Ghuba ya San Francisco, jimbo la California, nchini Marekani. Wengi wamewahi kukisikia kwa namna moja au nyingine, ingawa ni wachache wanaolijua jina la mvulana mwenyewe. Wachache zaidi wanafahamu kwamba uvumbuzi huo, ambao ulikuja kuzineemesha kampuni kubwa, ulimtoka mikononi mapema na kumwacha azeeke akiutazama ukiwa mali ya wengine.

Epperson alizaliwa Agosti 11, 1894. Kinywaji alichokisahau barazani kilikuwa cha kawaida kwa watoto wa zama zake: unga wa soda wenye ladha tamu, uliochanganywa na maji na kukorogwa kwa kijiti. Hapakuwa na ufundi wowote katika jambo hilo. Mtoto alijikorogea chake, akanywa, akaendelea na michezo yake.

Wasimulizi hawaafikiani kuhusu mahali hasa kisa kilipotokea. Wapo wanaosema ni San Francisco kwenyewe, na wengine hutaja Oakland, mji ulioko ng'ambo ya ghuba. Aidha, wapo wanaokitilia shaka kisa chote kwa hoja kwamba ni nadra sana baridi ya eneo hilo kufikia kiwango cha kugandisha maji, seuze maji yaliyotiwa sukari ambayo huhitaji baridi kali zaidi. Shaka hiyo ina mashiko. Hata hivyo, hiyo ndiyo simulizi aliyoitoa mwenyewe na kuishikilia hadi uzeeni, na ndiyo iliyobakia vitabuni.

Ili kuuelewa uzito wa jambo lile, yafaa kukumbuka jinsi baridi ilivyokuwa bidhaa adimu wakati huo. Mwaka 1905 friji za umeme hazikuwa zimeingia majumbani. Familia za mijini zilizojiweza zilinunua mapande ya barafu kutoka kwa wachuuzi na kuyaweka ndani ya makabati maalumu ya mbao ili maziwa na nyama visiharibike. Barafu hiyo ilitosha kupoza chakula, lakini haikutosha kugandisha kinywaji.

Aliyetaka kutengeneza aiskrimu nyumbani alilazimika kutumia pipa la kuzungusha kwa mkono, aina iliyosajiliwa na Nancy Johnson wa Marekani mwaka 1843. Ndani ya pipa hilo, barafu iliyopondwa ilichanganywa na chumvi nyingi. Chumvi huifanya barafu iyeyuke haraka, na katika kuyeyuka huko hunyonya joto la vitu vilivyo karibu nayo, kiasi kwamba mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi takriban nyuzi 21 chini ya sufuri kwa kipimo cha selisiasi. Kazi hiyo ilichosha mikono na kugharimu fedha.

Barabarani nako mambo hayakuwa mazuri sana. Katika miji kama London, wachuuzi wa karne ya 19 waliwauzia watoto wa maskini aiskrimu ya bei ya chini ndani ya vikombe vidogo vya kioo. Mtoto alikiramba kikombe hadi kikawa kitupu, akakirudisha, nacho kikajazwa tena kwa ajili ya mwenzake, mara nyingi bila kuoshwa ipasavyo. Vikombe hivyo vilihofiwa kueneza kifua kikuu na kipindupindu, ndiposa wakuu wa mji huo wakavipiga marufuku mwishoni mwa karne hiyo.

Ukiutazama uvumbuzi wa Epperson kwa jicho hilo, utabaini kwamba barafu yenyewe haikuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa kijiti. Kijiti kilimpa mtoto mahali pa kushika bila vidole vyake kuganda. Kilimwondolea haja ya kikombe, kijiko na sahani. Isitoshe, kila mtoto alipata chake, akakiramba peke yake hadi mwisho, kisha akakitupa.

Lakini Epperson hakuyaona hayo akiwa na miaka 11. Alikua, akaoa, akapata watoto na kujitafutia riziki katika biashara ya nyumba na viwanja. Miaka 17 ilipita kabla hajairudia barafu ile kwa nia ya kuiuza. Mwaka 1922 aliwaandalia wageni barafu zake za vijiti katika dansa ya wazima moto, nazo zikapendwa. Mwaka uliofuata alianza kuziuza hadharani huko Neptune Beach.

Neptune Beach ilikuwa bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1917 katika mji wa Alameda, jirani na Oakland. Familia zilifika huko kuogelea, kupanda mabembea na kuota jua, na watoto wenye kiu hawakukosekana. Ni vigumu kufikiria mahali pazuri zaidi pa kuuzia kitu baridi na kitamu kinacholiwa mtu akitembea.

Epperson aliipa bidhaa yake jina la Epsicle, akiliunganisha jina lake na neno la Kiingereza linalomaanisha mchirizi wa barafu unaoning'inia. Watoto wake hawakulipenda jina hilo. Wao, kama inavyosimuliwa, waliiita barafu ya baba, wakitumia neno Pop ambalo watoto wengi wa Marekani walimwitia mzazi wao wa kiume. Jina la watoto ndilo lililoshinda, na Popsicle ikazaliwa.

Mnamo Agosti 1924 serikali ya Marekani ilimpa Epperson hataza nambari 1,505,592. Maelezo ya hataza hiyo yanaonyesha mtu aliyeifikiria kazi yake kwa makini. Kinywaji kilimiminwa ndani ya chombo chembamba chenye umbo la neli ya maabara, kijiti kikatumbukizwa, kisha chombo kikatiwa katika baridi kali ili kinywaji kigande upesi. Kijiti kilitakiwa kiwe cha mbao isiyo na ladha wala harufu, lakini yenye vinyweleo ili kinywaji kipenye kidogo ndani yake na kuganda humo. Hilo ndilo lililoifanya barafu ishikamane na kijiti badala ya kuteleza na kuanguka miguuni mwa mtoto. Baada ya kuganda, chombo kilipashwa joto kidogo kwa nje, na barafu ikachomoka ikiwa nzima.

Yeyote aliyewahi kuchovya kikombe cha barafu katika maji ya vuguvugu ili kuitoa, amefuata hatua hiyo hiyo bila kujua.

Mwaka 1925 Epperson alikabidhi haki za biashara hiyo kwa Joe Lowe Company, kampuni ya New York, kwa makubaliano kwamba angelipwa mrabaha kwa kila barafu iliyouzwa. Kampuni hiyo ilikuwa na mtandao ambao yeye hangeweza kuujenga peke yake, na punde si punde barafu za vijiti zikawa zinauzwa katika bustani na fuo za miji mingi kwa senti tano za dola kila moja.

Umaarufu huo ulileta kesi. Katika mji wa Youngstown, jimbo la Ohio, mtengenezaji peremende aitwaye Harry Burt alikuwa ameanza kuuza aiskrimu iliyopakwa chokoleti na kutiwa kijiti, kwa jina la Good Humor. Burt alikuwa amepata hataza zake mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya Epperson, na kampuni yake ikawashtaki watu wa Popsicle kwa kuiga. Walipatana nje ya mahakama mwaka 1925. Iliamuliwa kwamba Popsicle ibaki na vitu vya maji na sharubati, na ilipie leseni kwa kutumia kijiti, ilhali Good Humor ibaki na aiskrimu ya maziwa. Mapatano hayo hayakuleta amani ya kudumu, kwani katika miaka ya 1930 pande hizo zilirudi kuzozania ni kiasi gani cha maziwa kinachoifanya sharubati iitwe aiskrimu.

Epperson hakuwepo tena katika ugomvi huo wa baadaye. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo ya fedha yalimwendea kombo, akalazimika kuuza alichokuwa nacho, na hataza yake ikiwemo. Inaaminika kwamba hilo lilimuuma kwa miaka mingi. Mtu angedhani kuwa mwenye kitu kilicholiwa na mamilioni angekufa tajiri, lakini mkataba haujui nani alikaa barazani mwaka 1905. Unamjua aliyetia sahihi mwisho.

Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani kuanzia mwaka 1929, wamiliki wapya walibuni barafu yenye vijiti viwili. Mtoto mmoja aliinunua kwa senti zile zile tano, akaivunja katikati na kumpa ndugu yake nusu. Katika nyumba ambamo baba hakuwa na kazi, huo haukuwa mchezo mdogo.

Ni wakati huo huo ambapo friji za umeme zilianza kuingia katika majumba ya watu wa kawaida nchini humo, zikiwa na kisehemu cha kugandishia na visinia vya barafu. Kile ambacho mwaka 1905 kilihitaji usiku wa baridi ya ajabu sasa kiliwezekana mchana wa jua kali, jikoni, kwa kikombe na kijiti. Hataza ya Epperson, ambayo kwa sheria ya wakati huo ilidumu miaka 17, ilikoma mwaka 1941. Jina la Popsicle lilibakia mali ya kampuni, lakini ujuzi wenyewe ukarudi ulikotoka, yaani nyumbani.

Na huko nyumbani ndiko uvumbuzi huu ulikopata maisha ambayo hayaandikwi katika vitabu vya mahesabu. Katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, akina mama wenye friji wamekuwa wakigandisha sharubati ya ukwaju, ubuyu au embe ndani ya vifuko vidogo na kuwauzia watoto wa mtaa wanapotoka shuleni au chuoni. Barafu hizo hazina kijiti, na mtoto hung'ata pembe ya kifuko na kunyonya. Hakuna aliyehitaji ruhusa ya mtu wa California ili kufanya hivyo, na pengine akina mama hao wangefika huko hata bila yeye.

Barafu ya matunda iliyotengenezwa nyumbani ina faida ambayo ile ya unga wa soda ya Epperson haikuwa nayo. Mzazi anajua alichotia ndani. Embe lililoiva, ndizi, papai au tikitimaji likipondwa hadi kuwa uji laini na kugandishwa, halihitaji sukari ya kuongezwa wala rangi. Ndizi, hasa, huifanya barafu iwe laini kwa sababu ya uzito wa nyama yake, ilhali tikitimaji huganda likawa gumu kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji. Ndiyo maana akina mama wengi hulichanganya na ndizi au embe. Sharubati ya karakara huchujwa kwanza ili mbegu zisibaki. Mtindi usiotiwa sukari nao huchanganyika vizuri na tunda lolote.

Kwa mtoto mchanga, mambo hubadilika. Wataalamu wa afya hushauri kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, na hivyo barafu ya matunda haina nafasi kabla ya umri huo. Baada ya hapo, hasa meno yanapoanza kuota na ufizi kuvimba, kiasi kidogo cha kitu baridi huweza kumtuliza. Wapo akina mama wanaogandisha maziwa yao wenyewe kwa ajili hiyo, nayo ni njia salama iwapo yamekamuliwa na kuhifadhiwa kwa usafi.

Asali isiguswe kabisa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Yaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mdogo haliwezi kuzidhibiti, nazo hutengeneza sumu inayolegeza misuli, na kugandisha hakuziondoi. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba baridi ya friji ni sawa na moto wa jiko. Baridi huvilaza vijidudu, na vingi huamka barafu inapoyeyuka mdomoni. Maji yasiyochemshwa hubaki kuwa maji yasiyochemshwa hata yakiwa magumu kama jiwe, na homa ya matumbo na kipindupindu vimewahi kusambazwa kwa barafu katika nchi nyingi. Kwa hiyo maji huchemshwa kwanza, matunda huoshwa kabla ya kumenywa, na vikombe na vijiti husafishwa kwa maji moto.

Kijiti chenyewe, ambacho kilikuwa fahari ya Epperson, nacho ni cha kuangaliwa. Mtoto anayejifunza kutembea akianguka na kijiti mdomoni anaweza kujichoma kaakaa au koo. Kwa hiyo hulishwa akiwa ameketi, na mkubwa akiwa karibu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, wazazi wengine huacha kijiti kabisa, wakaikwangua barafu kwa kijiko na kumlisha ikiwa laini kama theluji. Vipande vya matunda vilivyo vizima, kama vile zabibu, havitiwi ndani, kwani barafu ikiyeyuka huachilia kipande hicho ghafla na kuweza kumkaba.

Vilevile, mtoto anayehara hatibiwi kwa barafu ya matunda. Anayehitaji maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini apewe hayo, na barafu isubiri apone.

Yote haya hayakuwemo katika hataza ya mwaka 1924. Epperson aliandika kuhusu neli, mbao na baridi. Hakuandika kuhusu koo la mtoto, na huenda hakuna aliyemtarajia afanye hivyo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa baba. Ujuzi huo ulikusanywa baadaye, jikoni na hospitalini, mara nyingine kwa gharama kubwa.

Maisha ya Epperson baada ya kuuza hataza yake yalikuwa ya kimya. Aliendelea kuishi California, akiitwa mara moja moja na wanahabari kusimulia kisa cha kikombe na baraza. Mwaka 1939 Neptune Beach ilifungwa. Joe Lowe Company nayo iliinawirisha Popsicle kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 1965 ikanunuliwa na shirika la Consolidated Foods. Barafu ya vijiti viwili iliondolewa sokoni katika miaka ya 1980, baada ya wazazi kulalamika kwamba ilikuwa ikidondoka na kuchafua nguo za watoto kuliko ya kijiti kimoja.

Epperson aliaga dunia Oktoba 25, 1983 katika mji wa Fremont, California, akiwa na umri wa miaka 89. Alizikwa katika makaburi ya Mountain View, Oakland.

Miaka sita baadaye, mwaka 1989, Popsicle iliingia mikononi mwa Unilever, kampuni ambayo tayari ilikuwa imeimiliki Good Humor tangu mwaka 1961. Mahasimu wawili waliowahi kufikishana mahakamani kwa ajili ya kijiti cha mbao wakawa chini ya bwana mmoja.